Mwanangu haogopi msumeno wa umeme, ila maiki ikipiga mluzi anang'ata watu. Wazazi wenye watoto wa usonji tusaidiane hapa

FundiMninga (mleta uzi)

Salaam wakuu. Miaka yote humu nimekuwa msomaji tu. Leo naandika kwa sababu kuna jambo nimelijua kwa kuchelewa, na aliyelipia kuchelewa kwangu ni mwanangu. Kama kuna mzazi yuko nilikokuwa mimi mwaka juzi, bora alisome mapema.

Niko Kigoma Mjini, Mwanga. Kazi yangu ni useremala na karakana iko uani hapa hapa nyumbani. Kijana wangu wa pili ana miaka 7. Alipokuwa na miaka 4 tuliambiwa ana usonji (autism). Maneno anayo machache, mengi ni ya kurudia tuliyosema sisi, lakini anaelewa kuliko watu wanavyomdhania. Jina lake sitaliweka humu, nitamwita Dogo.

Shida iliyotutesa haikuwa kuongea. Ilikuwa sauti. Pikipiki ikipigwa kiki nje ya dirisha, anagonga kichwa ukutani. Blenda ya jirani ikiwashwa, anajing'ata mkono, mpaka sugu imeota pale chini ya kidole gumba. Mvua ikishuka ghafla juu ya bati, anatoka mbio kwenda kokote miguu inakompeleka. Wanaoijua Kigoma wanajua kwamba hapa njia nyingi zinateremka kuelekea ziwani. Mara mbili wachuuzi wa dagaa wamemzuia njiani wakatuletea. Mungu awalipe.

Sasa kilichonichanganya ni hiki. Mtoto huyo huyo anakuja karakanani, anakaa juu ya rundo la mbao, anachezea maranda, na mimi napasua mninga kwa msumeno wa umeme ambao watu wa mtaa wa pili wanausikia. Hatikisiki. Wala hazibi masikio.

Nikajipa jibu: huyu anafanya makusudi. Masikio yangekuwa yanamuuma kweli, si angeanza kulia kwenye msumeno? Kwa hiyo nikawa namchapa. Akiziba masikio mbele ya wageni, namchapa. Akimsukuma mdogo wake, namchapa. Nayaandika haya mkono ukiwa mzito, lakini nikiyaficha uzi huu hautakuwa na maana.

Siku mbaya kuliko zote ilikuwa harusini, Ujiji. Spika mbili kubwa, watu wamejaa turubai zima. Muziki ulipigwa nusu saa nzima na Dogo alikuwa mapajani kwangu ametulia. MC akashika maiki, akasogea karibu na spika, ile maiki ikapiga mluzi mkali wa sekunde mbili. Dogo alining'ata begani hadi damu ikatoka, kisha akamrukia mama aliyekaa mbele yetu akamvuta ushungi. Nikampiga kofi mbele ya watu wote. Njiani shangazi yake akasema huyu ana kitu, asomewe.

Tukampeleka akasomewa. Sina neno baya juu ya hilo, na shehe mwenyewe alikuwa mpole sana kwetu. Dogo alilala usingizi palepale kwenye mkeka. Siku hizi najua kwa nini. Sauti ya shehe ilikuwa ya chini, ya mwendo mmoja, haina cha kushtukiza. Na adhana nayo hivyo hivyo. Msikiti uko karibu nasi na spika zake zina nguvu, lakini Dogo haikimbii. Anaisubiri. Ikikaribia Magharibi anasimama mlangoni.

Kilichonifungua macho ni ajali ndogo ya karakanani. Nina kijana ninayemfundisha kazi. Siku hiyo Dogo alikuwa juu ya mbao zake kama kawaida, ila ameupa msumeno mgongo, anapanga vipande vya mbao. Kijana akawasha bila kusema kitu. Dogo aliruka kama amemwagiwa maji ya moto. Alipiga kelele, akajigonga kichwa kwenye benchi, akakimbilia getini. Msumeno ni ule ule, mlio ni ule ule, na mahali ni pale pale.

Nilipomtuliza nikakaa chini nikawaza. Kila nikipasua mbao, mimi huvaa miwani kwanza, nafuta vumbi mezani, kisha mkono unakwenda kwenye swichi. Kumbe Dogo alikuwa anautazama mkono wangu siku zote! Alikuwa anajua mlio unakuja. Hiyo pikipiki, blenda na maiki hakuna mkono anaouona.

Mtaalamu tuliyekutana naye hospitali alikuwa ameshatuambia mambo mawili ambayo mimi niliyadharau. La kwanza, masikio yachunguzwe kwanza, maana nta iliyoganda, usaha wa ndani au hata jino bovu vinaweza kumfanya mtoto asivumilie kelele wala asijue kusema panapouma. Hilo tulilifanya, masikio yalikuwa mazima na anasikia vizuri. La pili, tuwe na daftari. Kila anapolipuka uandike saa, kilichotangulia, alichofanya, na kilichofuata baada ya hapo. Baada ya ile siku ya msumeno ndipo nikalianza daftari kwa moyo mmoja. Wiki tatu alilipuka mara 23. Mara 19 kulikuwa na sauti iliyotangulia, na katika hizo 19, mara 16 ilikuwa sauti ambayo hakuweza kuona inatoka wapi wala kujua inaanza lini. Nilimwonyesha mke wangu ule ukurasa. Akasoma mpaka mwisho, akaniambia, "Baba, tulikuwa tunamchapa kwa kuogopa."

Naombeni uzoefu wenu. Nitaendelea chini.

Mzee wa Bangwe

Kijana wangu, pole na mtihani. Lakini niseme la moyoni. Sisi tulilelewa kwa fimbo na tukanyooka. Ukimzunguka mtoto kwa kila anachokataa, utazima pikipiki za Kigoma nzima? Leo ana miaka 7 unamshika. Akifika 20 nani atamshika?

FundiMninga (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la haki na ndilo linaloninyima usingizi. Lakini daftari limenijibu upande mmoja. Ile safu ya nne, ya kilichofuata, inaonyesha nilimchapa mara 8 katika zile wiki za mwanzo. Mara 7 kati ya hizo alilipuka tena ndani ya saa moja, na vibaya zaidi. Fimbo ilimwongezea sauti yangu ya ukali juu ya sauti iliyomtisha. Na akifika miaka 20 akiwa hajafundishwa njia nyingine, fimbo nitakuwa siiwezi mimi, ataishika yeye. Kwa hiyo namfundisha sasa akiwa bado ananisikiliza.

Mama Pacha Kasulu

Mwakeye ndugu zangu. Kaka, nimesoma nikalia. Wangu ni wa kike, ni pacha, yeye ana usonji, mwenzake hana. Wangu hang'ati wala hapigi. Akizidiwa anaingia chini ya kitanda, anaganda, humtoi saa nzima. Watu wanasema mtoto mtulivu. Siyo utulivu ule, jasho linamtoka.

Ninachouliza: kelele za wengine hazitaki, ila yeye mwenyewe anapiga kelele siku nzima, "iiiii" mfululizo. Hii imekaaje? Na zile hedifoni za kuzuia kelele zinasaidia au ni hela kupotea?

Nesi Mstaafu

Mama Pacha, hiyo "iiiii" mara nyingi ni ukuta anaojijengea. Sauti yake mwenyewe anaimudu, anajua inaanza lini na itaisha lini, basi anafunikia zile asizozimudu.

Wala siyo jambo jipya. Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto aliyekuwa Marekani, alipoandika kwa mara ya kwanza habari za watoto 11 wa aina hii mwaka 1943, aliona hofu yao ya sauti kubwa. Akaona na hili la fundi: kwamba siyo kelele yenyewe inayowatisha, ni ile inayowavamia. Mtoto huyo huyo aliweza kufanya kelele kubwa vile vile kwa mkono wake na akafurahi. Miaka mingi baadaye wataalamu walilishughulikia suala la hisia kama jambo la pembeni, hadi mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 ulipoliweka wazi miongoni mwa dalili za usonji: kuhisi kupita kiasi, au kuhisi kidogo kuliko kawaida, sauti, mwanga, mguso.

Wengi wao masikio ni mazima. Mambo yako kwenye ubongo unavyoipokea na kuipima sauti. Wewe na mimi ubongo unaichuja feni, maongezi ya jirani na jogoo, tunabaki na anayezungumza nasi. Kwao vyote vinaingia kwa uzito mmoja. Temple Grandin, profesa wa sayansi ya wanyama huko Marekani aliyezaliwa mwaka 1947 na ana usonji, ameeleza kwamba kengele ya shule ilimuuma kama keekee ya daktari wa meno ikigusa mshipa. Yeye aliweza kusema. Watoto wetu wengi wanasema kwa meno na kwa kichwa ukutani.

Hedifoni zinasaidia, lakini zisivaliwe kutwa. Masikio yakizoea ukimya, hata sauti ndogo inakuwa kubwa. Ziwe za safari, sokoni, shereheni, kisha zivuliwe. Na msichanganye hizi na zile za kusikilizia muziki. Zinazotakiwa ni za mafundi, zile nene za kufunika sikio lote.

Kijana wa Gungu

Nesi samahani, mtaani wanasema usonji unaletwa na chanjo ya surua. Kuna ukweli?

Nesi Mstaafu

Hapana mwanangu. Maneno hayo yalipata nguvu kutokana na makala ya mwaka 1998 katika jarida moja la kitabibu la Uingereza, na jarida lenyewe likaifuta makala hiyo mwaka 2010. Aliyeongoza kuiandika alifutwa katika orodha ya madaktari. Surua inaua watoto. Mpeleke mtoto akachanjwe.

Mwalimu wa Ipuli

Fundi, hongera kwa kusema ukweli wako. Mimi niko Tabora, nafundisha shule ya msingi. Kengele yetu ni kipande cha reli kimening'inia kwenye mwembe, kinagongwa kwa nondo. Mji wetu ni wa reli, vipande havikosekani.

Tulimpata mwanafunzi mwenye usonji. Kila kengele ikigongwa anapindua dawati, anampiga aliye karibu. Mwalimu mmoja akasema huyu hafai kukaa na wenzake. Wazazi wakawa wanaitwa kila wiki. Mimi sikusomea elimu maalumu, ila nina rafiki aliyepita chuo cha Patandi kule Arusha, kinachofundisha walimu wa elimu hiyo, nikampigia simu. Aliniuliza swali moja tu: "Nani anagonga kengele?" Nikasema mwanafunzi wa zamu. Akasema mpe yeye.

Niliogopa. Siku ya kwanza nilimpeleka mwembeni shule ikiwa tupu, nikampa kijiti, siyo nondo. Akagonga kidogo, akasikiliza, akagonga tena. Siku ya nne nikampa nondo. Wiki ya tatu alikuwa anagonga ya mapumziko mbele ya shule nzima. Anaangalia saa ya ukutani, mshale ukifika anatembea mwenyewe hadi mwembeni. Dawati halijapinduliwa kwa kengele tangu hapo. Kelele za darasani bado zinamshinda, sitaki kudanganya watu. Darasa lina watoto wengi, na wakianza kuimba jedwali namtoa nje kwanza. Nimemhamishia kona ya mbali na mlango, na mbali na ukuta wa darasa la pili. Ukiwa mahali pa wazi, umbali ukiongezwa mara mbili mlio unashuka kama desibeli 6, ni tofauti anayoihisi mtoto wa aina hii.

Na wazazi, shule isiwatishe. Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma shule ya kawaida kama wengine. Nendeni mkiongea kwa upole, lakini nendeni.

FundiMninga (mleta uzi)

Mwalimu, shukrani sana. Sisi shule ya kwanza ilitushinda, jina lake silitaji, yamepita.

Narudi kwenye tuliyofanya nyumbani. Karakanani tumeweka sheria: hakuna anayewasha mashine bila kusema "Nawasha." Dogo anajibu "Washa." Asipojibu tunasubiri. Wateja wamezoea, wengine wanajibu pamoja naye. Nimemnunulia hedifoni za fundi, zimening'inia kwenye msumari nilioupigilia usawa wa mkono wake, siyo wangu. Mwanzo niliuweka juu, akawa lazima aombe, na akishazidiwa hawezi kuomba. Kitu kidogo hicho kilituchukua miezi miwili kukiona.

Chumbani kuna nafasi kati ya kabati na ukuta. Tumetandika blanketi pale. Akiingia humo hakuna anayemfuata, hakuna anayemsemesha, wageni wakiwemo. Akishalipuka maneno hayaingii, nilikuwa namuuliza "una nini, una nini" na kila swali lilikuwa kelele nyingine. Sasa nakaa kimya mlangoni, nahakikisha hajiumizi, basi.

Lililobaki gumu ni mdogo wake. Ana miezi 10. Kilio cha mtoto mchanga hakina swichi. Mwezi wa pili Dogo alimrushia kikombe cha bati, kikampata karibu na jicho. Mke wangu siku hiyo alisema anaondoka kwao na mtoto. Hakuondoka, lakini nisingemlaumu. Mwenye uzoefu na hili aseme.

Nesi Mstaafu

Baba Dogo, hapo usalama kwanza. Wasiachwe wawili peke yao hata dakika, na mlijue hilo nyumba nzima, bibi na dada wa kazi pia. Kisha tafuteni vilio vinavyotabirika. Mtoto mchanga hulia akiogeshwa, akivuliwa nguo, akiamka. Mwambieni Dogo kabla. Mwonyesheni beseni.

Na kama kujiumiza au kuumiza wengine kunazidi pamoja na hayo yote, rudini hospitali. Zipo dawa, risperidone ni mojawapo, ambazo daktari anaweza kumpa mtoto kupunguza hasira na vurugu kali. Haziondoi usonji wala hazitengenezi masikio, na zinaweza kumnenepesha sana, kwa hiyo lazima afuatiliwe. Msinunue dukani. Mweleze daktari pia kama kuna wakati anakodoa macho akapotea kidogo, maana kifafa huandamana na usonji kwa watoto wengi kuliko kawaida.

Mama Pacha Kasulu

Kaka, sisi tulitumia beseni kweli. Nikichukua beseni jekundu, wangu anajua, anatoka nje mwenyewe kwa bibi. Ila mwombe mkeo msamaha kwa niaba yetu sote. Akina mama ndio wanaobeba vilio vya wote wawili.

FundiMninga (mleta uzi)

Narudi baada ya miezi minne kama nilivyoahidi wengine faragha.

Beseni limefanya kazi, si kila siku. Mke wangu akilishika anasema "mtoto atalia", Dogo anachomoa hedifoni msumarini anakuja karakanani. Kilio cha usiku bado kinatushinda, usiku mwingine nalala naye karakanani kwenye godoro, tunarudi ndani alfajiri. Amemsukuma mdogo wake mara moja tu katika miezi hii minne. Mke wangu yupo, na ameupokea ujumbe wako Mama Pacha.

Nilikuwa naiogopa mvua. Kuna mtu alinishauri nijaze maranda kwenye magunia juu ya dari, nimekataa kwa ajili ya mchwa na moto. Nimepiga silingi chumba chake peke yake, hela ndiyo iliyokuwepo. Kisha nikachukua kipande cha bati nikakiegesha karakanani, nikampa Dogo kopo la kunde. Anazimwaga juu ya bati mwenyewe, moja moja kwanza. Wiki ya kwanza alimwaga tano akakimbia. Alipozoea akawa anamwaga kopo zima kwa mpigo na anacheka, mke wangu akalalamika kunde zake zimekuwa za kuchezea, tukahamia mchanga.

Mvua ya kwanza ya Oktoba ilikuja jioni. Upepo ulianza kupiga, madirisha yakawa yanagonga. Nilikimbia kutoka karakanani nikijua nitamkuta getini. Nikamkuta amesimama katikati ya chumba, mikono masikioni, anatazama juu. Akasema "Washa." Mvua ikaanguka. Alitetemeka, akaingia kati ya kabati na ukuta, akajifunika blanketi. Lakini hakukimbia. Nilikaa mlangoni mpaka ikakatika.

Mama Pacha, bati uliloniuliza faragha ni kipande cha futi mbili kwa futi mbili tu, hata mabaki kwa mafundi wa paa utapata. Kunja kingo zote nne kwa nyundo kabla hujampa, zisimkate vidole.